Kilo 60 za Chumvi: Gharama ya Kutibu Jasho la Kupindukia Kilimanjaro

Kilo moja ya chumvi iitwayo alumini kloridi, ikiyeyushwa kwa kiwango cha asilimia 20, hutoa lita 5 za dawa ya jasho. Lita 5 ni chupa 100 za mililita 50. Mtu anayesumbuliwa na jasho la makwapani hupaka takriban mililita moja kila usiku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha mara mbili kwa wiki. Kwa mwaka mzima anatumia mililita 114, yaani chupa mbili na robo hivi. Kwa hiyo kilo moja ya chumvi hiyo inawatosha watu 43 kwa mwaka.

Naanza na hesabu hii kwa sababu jasho la kupindukia ni ugonjwa ambao watu huusikia kwa mara ya kwanza kupitia matangazo ya sindano na mashine za bei kubwa. Wakishasikia bei, wanakata tamaa na kurudi nyumbani kubadilisha shati mara tatu kwa siku. Ngazi ya kwanza ya tiba, ile inayowafaa watu wengi wenye tatizo la makwapa, inaweza kutengenezwa mjini Moshi kwa vitu vinavyopatikana. Nitaeleza kwa nini naamini hivyo, kisha nitapanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye upasuaji, nikiweka bei mbele ya kila hatua.

Kwanza tuelewane ni jasho lipi. Mkata miwa wa kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, au mpagazi anayepandisha mzigo wa kilo 20 kuelekea Kibo, anatokwa na jasho la kazi. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa joto la kilokalori 580 hivi, na bila kazi hiyo mwili ungezidiwa na joto lake wenyewe. Jasho hilo ni uzima. Ugonjwa ambao madaktari huuita haipahidrosisi ni jasho linalotoka pasipo kazi wala joto, tena mahali palepale kila siku: viganjani, nyayoni, makwapani, wakati mwingine usoni. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaandika mtihani huku karatasi ikilowa na wino kuvuja. Fundi simu anashindwa kushika bisibisi. Mama anayeuza ndizi sokoni Mbuyuni anarudisha chenji ya noti zilizoloana, na mteja anazipokea kwa ncha za vidole. Kwetu salamu ni kupeana mikono, na asiyetoa mkono huhesabiwa ana majivuno au ana kisirani. Mtu huyu anaadhibiwa kila siku kwa kosa asilolitenda.

Wengine hudhani dawa ni kuhamia kwenye baridi. Moshi mjini iko kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Marangu iko juu zaidi ya mita 1,400. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi joto 6 hivi. Kwa hiyo Marangu ni baridi kuliko mjini kwa nyuzi 4 hivi, na jioni za Julai watu huvaa sweta. Hata hivyo baridi hiyo haimponyi mwenye viganja vinavyovuja. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na zile za viganjani na nyayoni, ambazo ni mamia kwa kila sentimita ya mraba, huitikia zaidi hofu, haraka na msisimko wa moyo kuliko joto. Ndiyo maana hunyamaza mtu akilala. Kwa wapagazi na waongozaji, baridi ndiyo huzidisha hatari: soksi iliyolowa jasho la nyayo hupoteza joto haraka, na mtu huyo anaelekea kilele cha mita 5,895.

Ni watu wangapi? Mwaka 2004 Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa kutuma maswali kwenye kaya 150,000. Asilimia 2.8 ya watu walikuwa na jasho la kupindukia. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2016, ulipata asilimia 4.8, sawa na Wamarekani milioni 15.3. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro. Asilimia za Marekani si za Rombo wala Same, lakini nikiichukua ile ndogo kama kipimo cha kuanzia, napata watu 52,000. Nikichukua kubwa, napata 89,000. Nitabaki na ile ndogo ili nisijenge hoja juu ya matarajio.

Katika uchunguzi wa 2004, nusu ya wenye tatizo walikuwa nalo makwapani. Kwa kipimo hicho ni watu 26,000 hapa mkoani. Tuseme mtu mmoja tu kati ya kumi anajitokeza kutafuta tiba: ni 2,600. Ukigawanya kwa 43, unapata kilo 60 za chumvi kwa mwaka. Haifiki gunia moja la mahindi.

Katika uchunguzi huohuo, ni asilimia 38 tu ya wenye ugonjwa waliokuwa wamewahi kumweleza mhudumu wa afya. Kufikia ule wa 2016 walikuwa asilimia 51. Kama katika nchi yenye bima na matangazo kila kona nusu ya watu bado wananyamaza, ukimya wa huku kwetu, ambako jasho hupachikwa jina la uchafu, haushangazi. Lakini mwenye haipahidrosisi mara nyingi huoga kuliko wengine, wala si mchafu.

Kupima hakugharimu kitu

Ugonjwa huu hutambuliwa kwa maswali. Jasho la mahali maalumu limedumu angalau miezi 6 bila sababu inayoonekana? Kisha mhudumu anatafuta angalau dalili mbili kati ya sita: linatoka pande zote mbili sawia; linavuruga shughuli za kila siku; linakuja angalau mara moja kwa wiki; lilianza kabla ya umri wa miaka 25; kuna ndugu wa damu mwenye hali hiyo; linakoma usingizini. Hiyo ya ndugu ina uzito. Kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya wagonjwa wana mwenzao katika ukoo, na nitairudia nikifika kwenye mashine, kwa sababu inabadilisha hesabu ya fedha.

Ukali nao una kipimo cha ngazi nne. Ngazi ya 1 mtu hana habari na jasho lake. Ya 2 analivumilia, ingawa humkera mara mojamoja. Ya 3 anavumilia kwa shida na linamkwamisha mara nyingi. Ya 4 halivumiliki na linamkwamisha kila wakati. Kushuka ngazi moja baada ya tiba huenda sambamba na jasho kupungua kwa nusu, na kushuka ngazi mbili ni kupungua kwa asilimia 80 hivi. Daktari akitaka kuona eneo kamili linalotoa jasho, hupaka iodini, huiacha ikauke, kisha hunyunyiza wanga juu yake. Penye jasho hugeuka rangi nyeusi yenye ubuluu. Mbinu hiyo ilianza mwaka 1928 na haihitaji mashine yoyote.

Kuna jasho moja, hata hivyo, ambalo halitakiwi kupakwa dawa kabla ya kujulikana limetoka wapi: jasho la mwili mzima linalokuja usiku na kulowesha shuka, hasa likiandamana na homa, kikohozi au kukonda. Hapa wakazi wa Moshi wana sababu ya pekee ya kuwa makini. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528, zaidi ya 6 kati ya kila 10, waliambiwa wana malaria. Vipimo vya kina vilionyesha kwamba waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wagonjwa 118 walikutwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama au wadudu wao: leptospira, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Hizi si homa ngeni katika mkoa ambao ng'ombe na mbuzi hufugwa zizini hatua chache kutoka jikoni. Aliyekuwa na brusela akatibiwa malaria alirudi nyumbani na jasho lake la usiku.

Kifua kikuu nacho hujitambulisha kwa jasho la usiku. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imekuwa ikitibu kifua kikuu tangu mwaka 1926, na nchini kote vipimo na dawa za ugonjwa huo hutolewa bure, kwa matibabu ya kawaida ya miezi 6. Virusi vya UKIMWI, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, sukari inayoshuka kwa mgonjwa wa kisukari, kukoma hedhi na baadhi ya dawa huweza pia kuleta jasho jingi. Kanuni ni fupi: jasho la kwapani au viganjani lililoanza utotoni au wakati wa balehe na linalokoma usingizini kwa kawaida ni haipahidrosisi; jasho jipya la mwili mzima, ukubwani, usiku, ni la kupimwa wiki hii hii.

Chupa, mashine, kidonge

Ili bei zilingane, nitatumia vipimo viwili. Dola moja nitaihesabu shilingi 2,500 ili kurahisisha. Na kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi, nitakiita mshahara. Wakulima wengi wa kahawa na ndizi mlimani hawaufikii, kwa hiyo kila mahali ninaposema mwezi mmoja wa mshahara, kwao ni zaidi.

Watu wengi wameshaanza na shabu. Lile jiwe jeupe la sokoni, linaloloweshwa na kupitishwa kwapani, lina alumini ndani yake, na kwa kikwapa husaidia kwa sababu huwapunguza bakteria wanaotoa harufu. Lakini ni dhaifu kwa mtu wa ngazi ya 3 au ya 4. Dawa nyingi za kwapa za dukani zina manukato zaidi kuliko nguvu. Alumini kloridi ya asilimia 20 ni kitu kingine: huingia kwenye mdomo wa tezi, huungana na protini na kuweka kizibo, nacho hudumu hadi ngozi ijibadilishe. Ndiyo maana baada ya wiki mbili za kila usiku mtu anaweza kupunguza hadi mara mbili kwa wiki, na wengine mara moja.

Namna ya kuitumia ndiyo huamua kama itafaulu. Hupakwa wakati wa kulala, juu ya ngozi iliyokauka kabisa, na huoshwa asubuhi. Ikikutana na maji au jasho hutoa asidi inayochoma, na wengi walioiacha waliipaka asubuhi wakitoka kuoga, au siku ileile waliyonyoa. Aliyenyoa asubiri siku moja au mbili. Akiwashwa, apumzike siku kadhaa, kisha arudi kwa kupaka mara chache. Krimu nyepesi ya haidrokotizoni humtuliza. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza. Ile hofu kwamba dawa za kwapa huleta saratani ya matiti haijathibitishwa na utafiti.

Uingereza chupa ya mililita 60 huuzwa chini ya pauni 10. Chupa mbili kwa mwaka, kabla ya usafirishaji na faida ya muagizaji, ni kama shilingi 65,000. Sasa tazama kilichomo: mililita 114 za dawa zina gramu 23 tu za chumvi. Kilichobaki ni spiriti au maji, chupa, na kazi ya mfamasia. Spiriti ya molasi hutengenezwa mkoani humuhumu, Mwanga. Chupa yenye kifuniko cha kupakia ikiuzwa Moshi kwa shilingi 5,000, ambayo ni bei ninayoipendekeza na si iliyopo, mtu angetumia shilingi 11,400 kwa mwaka: chini ya asilimia 2.5 ya mshahara wa mwezi mmoja.

Viganja na nyayo ni wabishi zaidi, kwa sababu ngozi yake ni nene. Wengine hufaidika na dawa ileile kwa kiwango cha juu, asilimia 30 hivi. Wengi huhitaji ayontoforesisi. Jina ni refu kuliko kazi yenyewe: mgonjwa anatumbukiza viganja au nyayo ndani ya beseni mbili zenye maji ya bomba, na mkondo mdogo wa umeme, miliampea 15 hadi 20, hupita kwa dakika 20 hadi 30. Mara tatu kwa wiki kwa wiki nne, kisha mara moja kwa wiki. Watu 8 kati ya 10 hivi hupata nafuu. Hairuhusiwi kwa mjamzito, wala kwa mwenye kifaa cha umeme moyoni au chuma mwilini njiani mwa mkondo. Umeme unaotumika ni mdogo sana, chini ya wati moja, hivyo bili haina uzito. Lakini mtu asithubutu kuunganisha betri ya gari au waya wa ukutani kwenye beseni nyumbani. Mashine halali ina kidhibiti kinachozuia mshtuko, na hicho ndicho unachokilipia.

Mashine hizo huuzwa ng'ambo kati ya dola 300 na 900 hivi, yaani shilingi 750,000 hadi 2,250,000. Chukua moja ya milioni 2, idumu miaka 5, ihudumie wagonjwa 40 walio kwenye ratiba ya mara moja kwa wiki. Kwa nusu saa kila mmoja ni saa 20 za kazi kwa wiki, jambo linalowezekana. Gharama ya mashine kwa kila mgonjwa ni shilingi 10,000 kwa mwaka.

Halafu kuna nauli. Mtu wa mlimani anayetumia, kwa mfano, shilingi 6,000 kwenda mjini na kurudi, atasafiri mara 12 katika mwezi wa kwanza na mara 48 katika miezi 11 inayofuata. Safari 60, shilingi 360,000. Nauli ni mara 36 ya sehemu yake ya mashine, na sijahesabu nusu siku ya shamba au duka inayopotea kila safari. Hapa ndipo tiba nzuri hufia. Mgonjwa huja wiki tatu, anaanza kupata nafuu, fedha zinakwisha, jasho linarudi, naye anaamini kwamba dawa haifanyi kazi.

Kwa hiyo mashine ndiyo iende kwa mtu. Kilema, Kibosho, Machame, Marangu na Huruma ya Rombo zote zina hospitali za kanisa, zilizojengwa mlimani hasa ili watu wasishuke mjini kwa kila jambo. Mashine tano za milioni 2 ni shilingi milioni 10 kwa mlima mzima. Muuguzi anaweza kufundishwa kuisimamia kwa muda mfupi. Njia ya pili ni ya familia. Kwa kuwa ugonjwa hutembea katika ukoo, nyumba moja inaweza kuwa na watumiaji wawili au watatu. Mashine ya shilingi 750,000 inarudisha fedha zake kwa mtumiaji mmoja katika miaka miwili na mwezi mmoja wa nauli asiyoilipa, na kwa ndugu wawili ni mwaka mmoja na kidogo. Mkopo wa VICOBA umeshanunua cherehani na ng'ombe wa maziwa. Mashine hii nayo inamwezesha mtu kufanya kazi.

Vidonge vinafuata, navyo vinahitaji tahadhari zaidi. Oksibutinini ni dawa ya zamani ya kibofu. Madaktari wa São Paulo, Brazil, waliijaribu kwa jasho la viganja na makwapa, wakianza na miligramu 2.5 kwa siku na kupanda taratibu hadi 10 katika wiki sita. Zaidi ya 7 kati ya 10 walipata nafuu, na athari iliyojitokeza zaidi ilikuwa kukaukwa na kinywa. Wengine hupata choo kigumu, macho kuona ukungu au mkojo kugoma. Mzee mwenye tezi dume au mwenye presha ya macho asiiguse bila daktari. Hata tukikadiria kidonge kimoja kwa shilingi 300, viwili kwa siku ni shilingi 219,000 kwa mwaka.

Ila tatizo langu na vidonge kwa mazingira yetu si bei. Hupunguza jasho la mwili mzima, pamoja na lile la uzima. Mtu wa ofisini mwenye feni anaweza kuvimudu. Mkata miwa Arusha Chini mwezi Februari, anayehitaji kutoa lita kadhaa za jasho kwa zamu moja ili asizidiwe, anaporwa kilokalori 580 za kupoza kwa kila lita isiyotoka. Mhudumu anayeandika dawa hii bila kuuliza mgonjwa anafanya kazi gani, na wapi, anahatarisha maisha ya mgonjwa huyo.

Ngazi za juu

Sindano za Botox zilikubaliwa Marekani kwa jasho la makwapa mwaka 2004. Kila kwapa hupata yuniti 50, kwa michomo 10 hadi 15, na nafuu hudumu miezi 6 hadi 7 hivi. Zinafanya kazi vizuri sana, na ningezisifu bila kusita kama zingekuwa nafuu. Chupa ya yuniti 100 huko Marekani huzidi dola 600. Mbili kwa mwaka ni dola 1,200, yaani shilingi milioni 3, mishahara 6, kabla ya ada ya daktari, na lazima ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 hadi siku ya kuchomwa. Viganjani michomo huuma sana, na vidole huweza kulegea kwa wiki kadhaa. Fundi cherehani hana nafasi ya kulegea vidole.

Vitambaa vyenye dawa ya glaikopironiamu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, na jeli ya sofpironiamu, iliyoanza Japani mwaka 2020 na kuidhinishwa Marekani mwaka 2024, ni maendeleo ya kweli ya sayansi. Vile vitambaa bei yake ya orodha huko imezidi dola 500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi milioni 15, mishahara 30. Mashine ya mikrowevu inayounguza tezi za kwapa, ya mwaka 2011, ni ya kliniki za urembo za miji mikubwa. Hakuna kati ya hizi inayostahili kumkatisha tamaa mtu wa Kirua Vunjo, kwa sababu hakuna hata moja inayotangulia chupa ya alumini kloridi.

Mwisho ni upasuaji. Daktari huingiza kamera kifuani na kukata au kubana mishipa ya fahamu inayopeleka amri ya jasho mikononi. Ulianza kufanywa kwa ajili ya jasho mwaka 1920, zama za kisu kikubwa. Kamera zilipokuja ukawa wa matundu madogo. Kwa viganja hufaulu kwa zaidi ya asilimia 95, na mikono hukauka mgonjwa angali mezani. Lakini mwili hulipiza. Katika tafiti nyingi zaidi ya nusu ya waliopasuliwa huanza kutokwa na jasho mgongoni, tumboni au mapajani, na wachache hulipata kwa wingi kiasi cha kujutia, wakati aliyekatwa mshipa hana njia ya uhakika ya kurudi alikotoka. Kwa kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kupewa chupa wala mashine, kupelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji ni kumdhulumu.

Mpango wa chupa na mashine unaweza kuanza leo kwa kuwa Moshi tayari ina Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, ndani ya eneo la KCMC. Kilianzishwa mwaka 1992 kwa ushirikiano wa Shirika la Kimataifa la Magonjwa ya Ngozi, Good Samaritan Foundation na serikali, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Henning Grossmann. Wazo lilikuwa la busara: badala ya kusubiri mabingwa wachache, wafundishe matabibu kwa miaka miwili, kisha warudi wilayani kwao na katika nchi nyingine za Afrika. Tabibu wa aina hiyo hahitaji bingwa wa kumwambia ngazi ya 3 ni ipi.

Kituo hichohicho, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kilianza kutengeneza losheni ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino, KiliSun, baada ya kuona kwamba losheni za kuagizwa ni ghali na hazikutungwa kwa ngozi na maisha yao. Inakadiriwa Tanzania ina mtu mmoja mwenye ualbino kati ya kila 1,400. Losheni hiyo inaokoa maisha, kwa kuwa saratani ya ngozi huwaua vijana, na hakuna atakayeilinganisha na jasho. Ila imethibitisha jambo moja: dawa ya ngozi ya kiwango kizuri inaweza kuchanganywa, kupimwa na kusambazwa kutoka hapa Moshi hadi vijijini mwa mikoa ya mbali. Mji huohuo una Chuo cha Famasia cha Kilimanjaro, kinachofundisha wataalamu wa famasia na utengenezaji wa dawa. Alumini kloridi ndani ya spiriti ni rahisi kuitengeneza kuliko krimu ya jua. Inahitaji chumvi safi, kipimo sahihi, chupa isiyo ya chuma, lebo ya Kiswahili inayosema "usiku, ngozi kavu, osha asubuhi", na usajili.

Kwa wenye mamlaka ya afya mkoani, ombi ni hilo: kilo 60 za chumvi na mashine tano, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia sindano. Na kwako msomaji unayeficha mikono mfukoni: jasho la usiku lenye homa, kikohozi au kukonda, nenda zahanati ya karibu kesho, ukapimwe kwanza kabla ya kumeza chochote. Jasho la makwapa, viganja au nyayo la miaka mingi, nenda kliniki ya ngozi, taja ngazi yako kati ya 1 na 4, na uulize kwa jina: alumini kloridi, asilimia 20.